Mashine Isiyopasha Maji, na Twahara ya Nguo Zetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. 

Wiki hii nimepokea barua ya binti yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa na kuhamia Nakuru. Mashine ya kufulia nguo waliyopanda nayo kutoka pwani, ya mlango wa mbele, haipashi maji moto. Inaingiza maji, inazunguka, inasuuza na kukamua kama kawaida, lakini nguo hutoka baridi kama zilizolala nje usiku kucha. Ana mtoto wa kiume wa miezi mitano, anayenyonya tu. Mavyaa yake alipowazuru alimwambia kwamba nguo zenye mkojo wa mtoto hazitwahariki kwa maji baridi. Tangu siku hiyo binti huyu hufua mara mbili: mchana kwa mashine, usiku kwa mkono, kwa maji aliyoyachemsha jikoni. Mumewe naye amemlaumu kuwa ameiharibu mashine kwa kuijaza nguo kupita kiasi. Fundi aliyeitwa aliitazama kwa dakika chache, akasema bodi yote ibadilishwe, na bei aliyoitaja inakaribia kununua mashine nyingine ya mtumba. Binti anauliza mambo mawili: sala alizosali na nguo hizo zimesihi? Na mashine aifanyeje?

Nitaanza na la dini, kwani ndilo linalomnyima usingizi. Kisha tutaingia katika la mashine, ambalo nimewauliza mafundi wenye uzoefu kabla ya kushika kalamu.

Maji baridi yanatwaharisha

Binti yangu, tulia. Sala zako ni sahihi, inshallah, na hakuna unachotakiwa kulipa. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan ametueleza kuwa ameteremsha kutoka mbinguni maji yenye kutwaharisha, na mvua haiteremki ikiwa moto. Sharti la maji ya twahara ni kuwa maji mutlaki, yaani yaliyobaki katika asili yake bila kugeuzwa na kitu kingine hata yakapoteza jina la maji. Joto si sharti. Bali wanachuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamesema ni makuruhu kutumia katika mwili maji yaliyozidi sana moto au yaliyozidi sana baridi, kwa kuhofia madhara na kwa kuwa humzuia mtu kukamilisha udhu wake vyema. Basi moto haukupewa daraja ambayo mavyaa yako ameipa.

Bibi Asma binti Abubakar (R.A.) amepokea kwamba mwanamke mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu nguo iliyoingia damu ya hedhi. Akaelekezwa aikwangue, aisugue kwa maji, aisuuze, kisha asali nayo. Hakuambiwa ayachemshe maji. Na katika hadithi ya Khawla binti Yasar, iliyomo katika mkusanyiko wa Abu Daud, imekuja kwamba maji yanatosha, na alama ya damu itakayobaki baada ya kuosha haimdhuru mtu. Kwa hiyo rangi iliyogoma kutoka baada ya kusuguliwa inasamehewa.

Ama mkojo wa mtoto mchanga, sheria imetusahilishia zaidi. Mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea mahali palipoingia. Mkojo wa mtoto wa kike huoshwa. Binti yetu mwenye mtoto wa miezi mitano alikuwa akichemsha maji usiku wa manane kwa jambo ambalo sheria imetosheka nalo kwa kunyunyiza.

Lipo jambo moja la kuzingatiwa na kila anayetumia mashine, iwe inapasha maji au haipashi. Maji yanayoingia katika mashine ni machache, hayakaribii kiasi cha kulla mbili, na maji machache yakiangukiwa na najisi huingia najisi. Njia ya salama ni nyepesi: nguo yenye najisi ya kuonekana, kama choo au damu, ioshwe kwanza chini ya bomba mpaka dhati ya najisi iondoke, kisha mimina maji juu yake. Hapo imekwisha kutwaharika. Ukiitia katika mashine unaisafisha kwa sabuni tu, na unaweza kuichanganya na nguo nyingine bila wasiwasi.

Usafi wa kiafya ni mlango mwingine, nao una nafasi yake. Shuka za mgonjwa, taulo za jikoni zenye mafuta na nguo za mtoto mwenye vipele hufaidika na maji ya nyuzi 60. Mpaka mashine itengenezwe, koroga sabuni ya unga kwanza katika maji ya uvuguvugu ili iyeyuke vyema, loweka nguo kwa muda, anika juani, na zipige pasi ya moto zile zinazohitaji. Lakini kufua mara mbili kila siku kwa kuhofia twahara ni wasiwasi, na mama anayenyonyesha ana haki ya kulala.

Je, kweli imeharibika?

Sasa mashine. Kabla ya kuita fundi, yapo mambo ambayo mwenye nyumba anaweza kuyachunguza mwenyewe bila kufungua msumari hata mmoja.

La kwanza ni kujua kama mashine yenyewe iliumbiwa kupasha maji. Mashine nyingi za mfuniko wa juu hazina koili ya moto ndani yake. Hutegemea mipira miwili, mmoja wa maji moto na mwingine wa maji baridi, na katika nyumba zetu nyingi huungwa ule wa baridi peke yake. Mashine ya namna hiyo haijaharibika, inatoa ilichopewa. Za mlango wa mbele, kama ya binti yetu, kwa kawaida huwa na koili yake chini ya pipa.

La pili ni programu iliyochaguliwa. Programu za haraka na za nguo laini mara nyingi hufua kwa maji baridi au ya nyuzi 30, ambayo mkononi hayahisiki kuwa moto. Chagua programu ya kawaida ya pamba, nyuzi 60, bila nguo ndani. Baada ya nusu saa gusa kioo cha mlango kwa mgongo wa kiganja. Kikiwa na joto, koili inafanya kazi. Usihukumu kwa nguo zinazotoka mwishoni, kwa sababu suuzo la mwisho huwa ni la maji baridi hata katika mashine nzima.

La tatu ni maji yenyewe. Tanki likiwa chini au bomba likitoa kwa unyonge, maji hayafikii kiwango, na mashine haiwashi koili mpaka kiwango kifikiwe, kwani koili ikiwaka nje ya maji huungua. Chomoa plagi, funga bomba, fungua mpira wa kuingizia maji, na utakuta kichujio kidogo pale unapoingia. Kisafishe mchanga, kirudishe, ujaribu tena.

Baridi ya Nakuru na umeme wa jioni

Wakazi wa Kaunti ya Nakuru wanaishi juu ya maji aliyoyapasha Mola mwenyewe. Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, na huko Eburru wenyeji huukusanya mvuke unaotoka katika nyufa za ardhi, wakaupoza, wakapata maji ya matumizi. Hata hivyo mji wa Nakuru umekaa kwenye kimo cha mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya tanki asubuhi hukata vidole. Aliyezoea bomba la Mombasa huenda akadhani mashine yake imekufa, kumbe inajitahidi.

Tuifanye hesabu. Tuseme mashine inapasha lita 10 za maji kwa koili ya wati 2,000. Maji ya pwani yenye nyuzi 28 yatafika nyuzi 60 kwa dakika 11 hivi. Maji ya Nakuru yakiingia na nyuzi 18 yatahitaji dakika 15, bila kuhesabu joto linalonyonywa na pipa na nguo zenyewe. Sasa tuongeze umeme dhaifu. Umeme wetu ni wa volti 240, lakini jioni, majirani wote wakiwa jikoni, au waya wa kuunganishia ukiwa mrefu na mwembamba, unaweza kushuka. Ukishuka hadi volti 200, koili ile ya wati 2,000 hubaki na nguvu ya wati 1,400 hivi, na zile dakika 15 huwa 21. Basi mashine ichomekwe katika soketi yake yenyewe ya ukutani, si katika waya mmoja na birika na friji, na ijaribiwe mchana kabla ya kuhukumiwa.

Ukoko uliopanda lori

Yote hayo yakichunguzwa na kioo kingali baridi, hapo tuseme iko hitilafu. Mshukiwa wa kwanza, kwa mujibu wa mafundi, ni koili.

Kila mama anaujua ukoko mweupe unaoshika chini ya birika. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yamebeba chokaa. Maji hayo yakipashwa moto, chokaa huganda juu ya koili tabaka juu ya tabaka. Joto likakosa njia ya kutoka, koili ikajichoma yenyewe ndani ya ganda lake. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana tabia nyingine: yana magadi na floridi zaidi kuliko chokaa. Floridi hiyo ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Lakini hiyo ni habari ya maji ya kunywa. Mashine iliyofua kwa maji ya kisima cha Mombasa kwa miaka huenda ikapanda Nakuru na ukoko wake wa pwani. Tena ikisafirishwa kwa lori kwa zaidi ya kilomita 600, waya unaoshika koili unaweza kulegea kwa mtikisiko tu.

Mume wa binti yetu na alisikilize hili vyema: kujaza nguo kupita kiasi huuumiza mkanda na beringi za pipa. Si jambo linalozima koili. Amemlaumu mkewe kwa kosa ambalo, kwa dalili zilizoelezwa, si lake.

Kwa mashine ambazo bado zinapasha, ukoko huzuilika. Kila baada ya miezi mitatu tia ndani ya pipa tupu gramu 100 hivi za asidi ya sitriki, ule unga mweupe wenye uchachu wa ndimu, uendeshe programu ya nyuzi 60 bila nguo. Lakini tahadhari: usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani vikikutana hutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Mpaka wa mwenye nyumba, na amana ya fundi

Hapa ndipo mkono wa mwenye nyumba unapokoma. Umeme na maji vimekutana ndani ya chombo hicho, na koili iliyopasuka inaweza kupitisha umeme mpaka kwenye bati la nje. Ukiigusa mashine ukahisi mchomo au mtetemo vidoleni, au swichi kuu ya nyumba ikajizima kila mashine inapoanza kupasha, usiiwashe tena. Zima swichi ya ukutani ukiwa na mikono mikavu, chomoa plagi, uwaweke watoto mbali. Wapangaji waulize kama soketi zao zina waya wa ardhini ulio hai, kwa maana ndio unaomlinda mtu siku hiyo. Wala asitokee mtu akatumbukiza ndani ya pipa ile hita ya kuchemshia maji ya ndoo. Dini yetu imekataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenzake, na hakuna nguo yenye thamani ya roho.

Fundi anayejua kazi huenda kwa hatua, akianza na kilicho rahisi. Hupima koili kwanza. Koili ya wati 2,000 kwa umeme wetu huonyesha omu 29 hivi; kipimo kisipoonyesha njia yoyote, imekatika. Hupima pia kama inavujisha umeme kwenye bati. Kisha hutazama sensa ya joto, ambayo ikiharibika huidanganya mashine kuwa maji yamekwisha kupata moto. Kisha nyaya na viungo vyake. Bodi ni ya mwisho, na mara nyingine hata yenyewe huhitaji kuunganishwa upya mahali pamoja tu, si kutupwa. Fundi aliyeihukumu bodi bila kuipima koili, mwombeni kwa adabu aipime mbele yenu. Akikataa, mtafuteni mwingine. Na koili ikibadilishwa, mwambieni awaachie ile ya zamani mwione kwa macho.

Sheria ya ijara imeweka sharti kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane kabla ya mkono kugusa kazi. Tukiachilia hilo, huzaliwa ugomvi kati ya fundi na mwenye mali, na mara nyingi wote wawili ni Waislamu wanaosimama safu moja msikitini. Enyi mafundi, mama asiyejua nyaya amekupeni amana. Kumtoza bei ya bodi kwa ugonjwa wa koili ni kula mali ya mtu kwa batili.

Neno hili linawahusu pia wauzaji wa mashine za mtumba zinazoshushwa kutoka Dubai na Uingereza. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini, naye akamkemea muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Mashine inayozunguka vizuri dukani na huku muuzaji anajua kuwa koili yake imekufa ni nafaka ile ile. Mnunuzi aliyefichwa aibu iliyokuwapo kabla ya kununua ana haki ya kuirudisha mara anapoigundua. Na wewe mnunuzi, usiridhike na kuliona pipa likizunguka. Omba ijaribiwe kwa nyuzi 60, usubiri, uguse kioo.

Moto unaohitajika nyumbani

Nimeisoma barua ile mara ya pili, nikaona kwamba mashine ndiyo iliyotajwa, ila kilichopoa ni kingine. Mke analaumiwa na mume kwa jambo ambalo hakuna aliyelichunguza, na anaambiwa na mkubwa wake kuwa nguo za ibada yake hazifai. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia ahali zake. Mume ambaye angesafisha kichujio kile kabla ya kutoa lawama angekuwa amefuata sunna, na pengine amelimaliza jambo kwa robo saa.

Kwa mavyaa, nasema kwa heshima zote: mama, hamu yako ya twahara ni jambo jema, na kizazi chako kilifua kwa mikono na kukilea kizazi hiki katika usafi. Lakini hukumu ya halali na haramu, najisi na twahara, tusiitoe kwa mazoea. Mrudishie binti yako utulivu wake, kwani yeye ndiye anayemnyonyesha mjukuu wako.

Na wewe binti yangu, usimjibu mkubwa wako kwa ukali hata ukiwa na haki. Wasomee ukurasa huu wote wawili siku mkiwa mmekaa pamoja kwa wema. Usiku wa leo usichemshe maji ya kufulia. Sali Isha yako kwa nguo zako zilizofuliwa kwa maji baridi, ulale.

Mwenyezi Mungu atutwaharishie nguo zetu na nyoyo zetu, azitie mapenzi na huruma nyumba za vijana wetu walioko mbali na pwani, na awape mafundi na wafanyabiashara wetu uaminifu katika riziki zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.